Nyumba Iliyokosa wa Kusema Karibu

Nchi ya Adabuni usiitafute kwenye ramani ya ukutani. Namsifu aliitafuta kwa kidole katika darasa la jioni, alikojifunzia kusoma akiwa tayari ana wajukuu, na hakuiona. Lakini ipo. Ukivuka kilima cha mwisho cha Kwembago unaingia humo bila kujua, na utatambua umefika pale mtu wa kwanza utakayekutana naye atakapokataa kukupita njiani mpaka wewe umpite kwanza.

Namsifu hakwenda kutembea. Wanawake wa Kwembago walikuwa wamechoshwa na fukusi, wadudu waliokuwa wakiwatobolea mtama wa mbegu ndani ya vihenge vyao. Ndipo waliposikia kwamba Adabuni kuna Nyumba ya Fahari, ghala la kutunzia mbegu za watu, lenye kuta nyeupe na bawabu mwenye vifungo vya shaba. Wakasema, nyumba yenye vifungo kama vile haiwezi kuwa na fukusi. Wakapeleka mbegu yao, gunia juu ya gunia. Sasa mawingu ya masika yalikuwa yanajikusanya, mashamba yamekwisha kulimwa, na Namsifu ndiye aliyetumwa kuirudisha mbegu kabla ya mvua ya kwanza.

"Ukirudi mikono mitupu," walimwambia, "mwaka huu tutapanda maombi."

Namsifu ni mtu wa sala, na mzaha ule haukumfurahisha. Lakini aliuelewa. Aliinama, akafunga kanga kiunoni, akaondoka.

Aliiona nyumba kwa mbali kwa weupe wake. Juu ya mlango palikuwa na kibao, naye akakisoma kwa sauti, neno moja moja, kama alivyofundishwa: "Nyumba ya Fahari. Tawi la Adabuni. Mama Yupo." Bawabu aliinama. Namsifu akainama. Bawabu, kwa kuwa sheria ya nchi humkataza kuinuka kabla ya mgeni, akabaki vile vile, na wangebaki hapo hata sasa kama kiuno cha Namsifu kisingemuuma.

Msimamizi wa nyumba aliitwa Bi. Kidawa, mwanamke mwenye sauti laini na kilemba kilichonyooka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Za Kwembago? Za watoto? Za mifugo? Za jirani wa kushoto? Za jirani wa kulia?"

Zote zilikuwa njema. Namsifu alizijibu moja moja, kisha akasema, "Nimekuja kuchukua mbegu yetu. Mvua imekaribia."

"Mbegu yenu iko salama kabisa, mama. Iko kwa Mama."

"Mama yupi?"

Bi. Kidawa akamwonyesha picha kubwa ukutani: jengo refu la mawe, lenye ngazi nyingi. "Nyumba Mama, iliyoko nchini Fahari. Sisi hapa ni mtoto wake aliye mgongoni. Mtoto wa mgongoni ana chake?"

"Hana."

"Ndiyo nguvu yetu. Alicho nacho mtoto ni cha mama, na alicho nacho mama ni cha mtoto. Nyumba ndogo za hapa Adabuni zinasimama kwa miguu yao wenyewe, maskini. Zikijikwaa, zimeanguka. Sisi hatuna miguu, tutajikwaa na nini?"

Namsifu alilitafakari jambo hilo. "Basi kama cha mama ni cha mtoto, nipe cha mtoto niende zangu."

"Mpaka Mama aseme ndiyo. Na sasa hivi kule kwao ni usiku. Mama amelala."

Na ilikuwa kweli. Kwa mkataba wa nchi hizo mbili, jua la Fahari huchomoza wakati la Adabuni linapozama, ili nchi moja isiisumbue nyingine. Namsifu akangoja. Jua lilipoinama, Bi. Kidawa alitoka akiwa na uso wa furaha. "Mama ameamka!" akasema. Kisha akafunga mlango kwa funguo, maana kwa saa za Adabuni kazi ilikuwa imekwisha.

Kando ya nyumba kulikuwa na benchi refu la wanaongoja. Aliyekaa mwisho wake alikuwa mwanamke mnene mcheshi aitwaye Mwanaidi, mwenye jiko la mkaa na kikaango cha vitumbua. Yeye alikuwa ameweka karanga za mbegu katika nyumba ile, akaja kuzichukua, akangoja. Na katika kungoja akaona wenzake wana njaa, akaanza kupika.

"Kaa, shoga yangu," alimwambia Namsifu, akimpa kitumbua cha moto. "Unaonekana mgeni. Usipende kuwahi, hapa watakuona huna malezi."

"Hakuna wa kuwaamuru? Serikali ya Adabuni iko wapi?"

"Ipo! Tena kali. Bawabu asipoinama mpaka vifungo vyake viguse magoti, anatozwa faini. Lakini nyumba hii ni mgeni, na mgeni hapa haulizwi amebeba nini."

"Kwetu mgeni ni siku mbili, ya tatu anapewa jembe."

"Na hapa pia! Ni sheria, imeandikwa." Mwanaidi akacheka mpaka kikaango kikatikisika. "Ila Baraza lilikaa likaona kumpa mgeni jembe ni aibu. Na sheria ya wazee haifutwi. Basi wakapitisha nyingine: kwa nyumba za wageni, kila kunapokucha ni siku ya pili. Nyumba hii ilikuja mimi ningali nachezea matope. Mpaka leo iko siku ya pili."

Namsifu alikwenda kulisikiliza Baraza kwa masikio yake, kwa kuwa lilikuwa likikaa asubuhi iliyofuata na mlango ulikuwa wazi. Mjadala ulihusu kitovu. Kitovu ndilo jina la mfereji wa bati unaotoka nyuma ya kila nyumba ya mgeni, unapita kwenye kitundu cha ukuta na kupotelea upande wa Fahari. Kwa sheria, Fahari iko juu kilimani, na kupitia mfereji huo mama humlisha mtoto. Mjumbe mmoja aliuliza iwapo kuna aliyewahi kuona chakula kikija. Mjumbe wa pili akajibu kwamba kumtazama mtoto anaponyonya ni utovu wa adabu. Baraza likampigia makofi mjumbe wa pili, kisha likampigia makofi wa kwanza ili asijisikie vibaya, likavunjika kwa chakula cha mchana.

Aliporudi kwenye benchi, alikuta kila mtu amesimama. Ilikuwa siku ya ukaguzi.

Wakaguzi walikuwa wawili. Bwana Ngwali alikuwa mkaguzi wa Adabuni, mtu mfupi mwenye kamba ya kupimia shingoni. Bwana Tindwa alitumwa na nchi ya Fahari kuwaangalia watoto wa Fahari waliotapakaa ugenini. Huyu alikuwa mrefu, na macho yake yalikuwa mekundu, kwa sababu aliendelea kulala kwa saa za kwao. Walikuwa wamegawana kazi kwa upendo mkubwa. Sakafu na kuta, kwa vile zimesimama juu ya ardhi ya Adabuni, ni za Bwana Ngwali. Paa, kwa vile ni kivuli cha Mama, ni la Bwana Tindwa. Bwana Ngwali hawezi kutazama juu wala Bwana Tindwa kutazama chini, kila mmoja akiogopa kumwingilia mwenziwe.

Walifanya kazi kwa bidii, haki isemwe. Bwana Ngwali alipima upana wa mlango wa mbele, akapima na wa nyuma. Akapima kina cha kuinama kwa bawabu, akaonja chai ya wageni, akasema imepungua tangawizi. Bwana Tindwa aliinyoosha picha ya Mama ukutani, akarudi nyuma hatua chache, akainyoosha tena. Akitumaini watafika ilipo mbegu, Namsifu aliwafuata kwa mbali, na Mwanaidi nyuma yake na sahani ya vitumbua.

Walifika. Nyuma kabisa ya nyumba palikuwa na mlango mzito wa mbao, na nyuma ya mlango huo ndiko kulikokuwa na ghala lenyewe.

"Hodi!" akaita Bwana Ngwali.

Kimya.

"Hodi!" akaita Bwana Tindwa.

Kimya.

Hapo ndipo Namsifu alipomwona Bi. Kidawa akitoa karatasi tayari kwa kutiwa sahihi. Akamvuta Mwanaidi upande wa kanga. "Mbona hawaingii?"

"Waingie vipi, hawajakaribishwa?" Mwanaidi akamnong'oneza. "Ngwali hawezi kusema karibu, nyumba si yake. Tindwa hawezi kusema karibu, nchi si yake. Na Kidawa ni mtoto wa mgongoni. Mtoto hakaribishi watu mama akiwa hayupo."

"Na ndani nani yupo?"

"Ndani kuna mbegu. Mbegu inasema?"

Bwana Ngwali alikuwa akiisoma taarifa kwa sauti: "Tumebisha hodi mara mbili kwa heshima zote. Hakuna lalamiko lolote lililosikika kutoka ndani."

"Kwa hiyo kuna amani," alisema Bwana Tindwa, akizuia mwayo.

"Amani tupu. Tubishe ya tatu, tumalize."

Namsifu akaitazama ile karatasi. Ya tatu ingeisha, karatasi ingetiwa sahihi, na mvua haingoji ukaguzi mwingine. Aliyaona mashamba ya Kwembago yakiwa yamefunguliwa kama vinywa vya makinda. Hakuwa na la kufanya, na mtu asiye na la kufanya, kwake yeye, alikuwa na moja. Akasogea mpaka pembeni ya ule mlango, akaegemeza paji la uso wake ukutani, akafumba macho.

"Baba," alisema moyoni, "mimi sijui sheria za watu hawa. Ulinifumbua macho nikasoma, nami ni mzee. Nakuomba mbegu ya wenzangu. Kama mbegu hamna, nakuomba maneno ya kwenda kuwaambia. Na kama maneno nayo hamna, basi kaa nami tu hapa, maana nimechoka."

Alizama katika sala yake mpaka akasahau alipo. Harufu ya mbao ilikuwa kama ya mlango wa jikoni kwake. Na kwa mbali, kama inavyotokea kila siku ya Mungu mtu akiwa jikoni kwake, akasikia sauti ya mwanamume ikiita:

"Hodi!"

"Karibu!" akajibu Namsifu, macho yamefumbwa. "Karibuni, piteni ndani!"

Alipofumbua macho, wote walikuwa wamemgeukia. Bawabu alikuwa ameinuka bila ruhusa. Karatasi ilikuwa imemponyoka Bi. Kidawa.

"Imesemwa," alisema Bwana Ngwali.

"Imesemwa, tena kutoka mlangoni," alisema Bwana Tindwa, na kwa mara ya kwanza macho yake yalifunguka yote.

Namsifu aliona haya. "Nisameheni, wanangu. Nilikuwa nasali. Ulimi umetangulia, ni mazoea tu ya nyumbani."

"Usiombe radhi, mama!" Bwana Ngwali alikaribia kulia. "Ukiirudisha karibu yako utakuwa umetufukuza! Tangu nianze kazi hii sijakaribishwa mahali popote."

"Lakini huyu ni mteja!" alisema Bi. Kidawa, na sauti yake haikuwa laini tena. "Anakaribishaje kwenye nyumba isiyo yake?"

"Nyumba si yake," Bwana Tindwa alisema taratibu, kama mtu anayekumbuka somo la zamani. "Kilichomo ndani ni cha nani?"

 Sheria ya Adabuni juu ya jambo hilo ni fupi: aliyesema karibu ndiye mwenyeji wa chumba, mpaka wageni watakapoaga. Na mwenyeji ana wajibu wa kuwalisha wageni wake. Namsifu akageuka na mikono mitupu. Mwanaidi alikuwa tayari na sahani. "Chukua, mwenyeji," akamwambia, akimkonyeza. "Usituaibishe."

Wakala vitumbua wamesimama. Kisha likaja suala la nani atangulie.

"Tafadhali, Bwana Tindwa."

"Siwezi kabisa, Bwana Ngwali. Nchi ni yako."

"Lakini wewe ndiwe uliyetoka mbali."

"Ingieni pamoja," alisema Namsifu. "Mlango ni mpana. Si mmeupima wenyewe?"

Mlango ulisukumwa, ukagoma, ukasukumwa tena kwa mabega ya wote wawili. Kitu fulani ndani kilikuwa kinauzuia. Ulipofunguka, mwanga uliotoka haukuwa wa ghala.

Paa lilikuwa na tundu kubwa kama ungo. Chini ya tundu sakafu ilikuwa imepasuka na kujaa matope. Magunia yalikuwepo, mengi, yamepangwa vizuri, kila moja na jina lake. Ila yalikuwa bapa kama mikeka. Kutoka kwenye magunia palikuwa na njia iliyosuguliwa na kung'aa, mpaka kwenye mdomo wa mfereji wa bati. Na pale chini ya tundu, katika matope, punje zilizodondoka njiani zilikuwa zimeota. Mtama umesimama, mwembamba, shingo zimerefuka kuitafuta mbingu, na masuke yamekomaa. Mabua yake ndiyo yaliyokuwa yakiusukuma mlango.

Mwanaidi alitafuta gunia lake. Alilipata, akaliinua kwa vidole viwili. Lilitoka ganda moja la karanga. Akaangua kicheko, kisha kicheko kikambadilikia mdomoni, akakaa chini.

Namsifu aliinama kwenye mfereji. Akachukua punje moja, akaiweka ndani. Punje ikateleza, ikalia tiriri ikielekea upande wa Fahari, mpaka mlio ukapotea.

"Huu umeinamia kwenu," alimwambia Bwana Tindwa.

Bwana Tindwa aliinama akauchungulia. "Labda kilima kimehama," alisema. Lakini alisema kwa sauti ndogo.

"Mimi nilikuwa nafuata maagizo," alisema Bi. Kidawa. "Kila Mama alipoamka alikuwa na njaa. Nami nikajua atarudisha. Mama hawezi kumwibia mtoto." Kisha akaona mabua, na ule uzoefu wa kazi ukamrudia. "Tena hiki si alichoweka mteja. Aliweka mbegu kavu. Hii ni mbichi, ina majani. Ni mali ya nyumba."

"Imeota sakafuni," alisema Bwana Ngwali. "Ni ya Adabuni."

"Lile suke la katikati limefika paani," alisema Bwana Tindwa. "Hilo ni la Fahari."

Wakaanza. Ulikuwa mjadala mzuri, wenye nukuu nyingi, na kila mmoja alimsifu mwenzake kabla ya kumpinga. Namsifu aliwasikiliza kiasi cha kutosha. Halafu akauliza, kwa upole, kama mwanafunzi anayeinua mkono:

"Wanangu, samahani. Mmeaga?"

"Bado, mama," alisema Bwana Ngwali.

"Basi mimi bado ni mwenyeji?"

"Kwa sheria, ndiyo."

"Na kwenu, mgeni aliyekaribishwa, akala, akanawa, huanza kugombea kilicho ndani ya nyumba ya mwenyeji wake?"

Wakaguzi walitazamana. Uso wa Bwana Ngwali uliiva kwa aibu, na Bwana Tindwa akaanza kupangusa mdomo wake kama mtu aliyekutwa na sukari. Waliaga harakaharaka, kila mmoja akimsihi mwenzake atangulie kutoka. Lakini hawakuvuka kizingiti mpaka Namsifu alipokuwa amekata suke la mwisho, kwa kisu cha Mwanaidi, akalifunga katika kanga.

Halikuwa fungu kubwa. Lilikuwa la kuanzia. Namsifu alilipima kwa macho, akawafikiria wenzake waliotuma magunia, akasita. Kisha akafungua kanga, akamgawia Mwanaidi nusu.

"Mimi niliweka karanga, shoga," alisema Mwanaidi.

"Na mimi niliweka magunia. Chukua, panda ulicho nacho."

Baraza la Adabuni lilishtushwa sana na habari ile, likachukua hatua siku hiyo hiyo. Kiliundwa cheo kipya, cha Msema Karibu, mtu atakayekaa ndani ya ghala la kila nyumba ya mgeni ili wakaguzi wapate wa kuwajibu. Namsifu ndiye wa kwanza kupewa cheo hicho, pamoja na kiti chenye mto. Akashukuru, akasema mvua haimruhusu. Wakampa shemeji wa Bi. Kidawa. Agizo la kwanza alilopewa shemeji ni kwamba asiseme karibu mpaka Mama aamke. Na nyumba ikapakwa chokaa upya.

Kwembago walimpokea Namsifu kwa macho, maana macho yalifika kwenye kanga kabla ya midomo kuuliza. Aliwaeleza yote, hakuongeza wala kupunguza. Wengine walilia. Mmoja alitukana, kisha akaomba radhi kwa mdomo wake mwenyewe. Kisha wakagawana masuke, wakayapura, wakapanda kwa nafasi, kila mtu kipande kidogo. Mwaka ule ulikuwa wa kufunga mkanda. Walikula mihogo na kumshukuru Mungu kwa mihogo. Lakini mtama uliota, na mbegu ya msimu uliofuata waliitunza wenyewe, katika vibuyu vilivyopakwa majivu, kila nyumba na chake, na siku za jua walikuwa wakipitiana kufunua na kutazama. Fukusi walikuwepo. Walichambuliwa kwa mkono.

Siku moja Namsifu alikuwa amepiga magoti jikoni kwake, hajafika amina, aliposikia mlangoni sauti safi, yenye malezi:

"Hodi humu ndani!"

Neno lilimfika kwenye ncha ya ulimi. Akalimeza. Akamaliza sala yake bila haraka, akachukua ufagio, akatoka.

Alisimama kijana nadhifu aliyevaa nyeupe, na vifungo vyake viling'aa. Nyuma yake vijana wengine wawili walikuwa wameshika kipande cha mfereji wa bati, kipya. Akainama vizuri kabisa. Alisema Nyumba yao kubwa ya ng'ambo imevutiwa na bidii ya Kwembago, na ingependa kufungua tawi dogo hapa, tena kiwanja hiki cha mama kingefaa sana.

"Marahaba," alisema Namsifu, ingawa kijana alikuwa amesahau shikamoo. "Huo mfereji wenu, mwanangu, utainamia wapi?"

Kijana alitazama viatu vyake. Wale wawili wakautazama mfereji, kana kwamba wanauona kwa mara ya kwanza.

Namsifu alingoja jibu, ufagio mkononi, amesimama katikati ya mlango wake.  Jua lilikuwa kali na kijana alikuwa anatoka jasho, na mtu ni mtu. Basi akaingia ndani, akachota maji ya mtungini, akamletea pale pale nje.